Mwalimu Mutambo na Ng'ombe wa Ziwani

Mwalimu Fabien Mutambo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2003, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha uchoraji katika shule yetu hapa Baraka, kando ya ziwa.

Mtindo wake ni surrealisme, yaani kuchora mambo kama yanavyokuja ndotoni. Rangi alizitengeneza mwenyewe kwa makaa na matofali ya kusaga. Mama mmoja aliwahi kutuletea picha ya samaki anayesonga ugali, akauliza kama mwanawe ni mgonjwa. Mutambo aliibandika ukutani.

Tulimwona mtu wa mzaha tu, mpaka Novemba 1999.

Darasani mwake alikuwemo Ihirwe, binti wa wafugaji wa milima ya Bibokoboko, jamii iliyokuwa ikisakwa, aliyeachwa mjini kwa mchungaji wa kanisa vita vilipochacha. Mimi nilimwambia Mutambo amwondoe kabla hajatuponza sote. Akaendelea kumfundisha.

Asubuhi moja watu wenye silaha waliingia shuleni wakitafuta mtoto wa milimani. Walianza na darasa langu. Mapema asubuhi ile, nilipopita darasani kwa Mutambo kuchukua chaki, nilikuwa nimeona karatasi ya Ihirwe: ng'ombe wa pembe ndefu, kamili mpaka kwato. Wenzake wote, watoto wa wavuvi, walikuwa wamechora mitumbwi. Karatasi ile ingemuua.

Kupitia ukuta wa mbao nikamsikia Mutambo, sauti ya chini kabisa.

"Batoto, geuzeni karatasi. Kila mutu achore ngombe yenye kuishi mu ziwa. Mwenye iko na ngombe tayari, aitie mapezi. Mbio!"

Mkubwa wao alipoingia kwake alikuta ng'ombe arobaini wenye mapezi. Alizipitia karatasi moja moja, polepole mno.

"Hii ni ngombe ya wapi?"

"Ya mu ziwa, shefu. Ile njo somo ya leo."

Akacheka, wakaondoka. Mutambo alikwenda kutapika nyuma ya choo, kisha akarudi kusahihisha.

Ihirwe alivushwa ziwa juma lilelile, na leo yuko Kigoma kwa shangazi yake. Ndiyo maana nathubutu kuandika jina lake. Sisi tuliobaki bado tunaogopa. Pikipiki ikizima ghafla nje ya ua, darasa zima huacha kuandika.

Mzee Mutambo, maneno yangu ya siku zile hukuwahi kunikumbusha, hata tulipokosana. Leo nayasema mwenyewe mbele ya wenzetu, na naona haya. Uende salama kijijini Lubondja, wewe na mkeo mama Marie, mkae kwa amani. Na asante kwa kutonisikiliza.

Adolphine, mwalimu wa darasa la tano