Mlinzi wa Gesi Aliyeifungulia Iende Zake

Ndugu zangu mliokuja kuzika nasi, marehemu mdogo wangu, mnayemjua kwa jina la Bwana Vali, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa pili wa mwashi na mkunga, na mimi dada yake ndiye niliyembeba mgongoni, kwa hiyo leo mtu asiniambie nimung'unye maneno.

Alianza shule Januari 1966, akamaliza darasa la saba 1972 kwa kusukumwa kama gari bovu, na tarehe 3 Julai 1983 akaajiriwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, akapewa nyumba na ulinzi wa tangi la gesi ya samadi, ile waitayo methani, akavimba kichwa utadhani gesi kaiumba yeye.

Tarehe 14 Desemba 1985 alimuoa wifi yangu, wakajaliwa binti mmoja, Agosti 1988.

Sasa nisikilizeni, kila Ijumaa tangi likijaa marehemu alifungua vali, gesi yote ikapanda angani, akidai kinachochafua hewa ni moto, kisichoonekana hakidhuru, huku mkewe, hatua arobaini kutoka hapo, akipuliza kuni mbichi kwa machozi, ingawa mwenye shamba alisharuhusu bomba liende jikoni. Binti alisoma, akamwambia, baba, ukiiwasha inapika na ubaya wake unapungua, ukiiachia mbichi inaifunika dunia joto kuliko huo moshi unaouogopa, akajibiwa kwamba kifaranga hamfundishi mama yake kuchakura, na wazee wenzake wakacheka, wajinga kwa mjinga wao.

Machi 2019 kifua cha wifi kilibana, daktari akamkataza moshi, marehemu akaahidi bomba kesho, kesho ikazaa kesho, hadi tarehe 2 Februari 2024 moyo wake mwenyewe ulipogoma, akafariki Jumamosi tarehe 17, saa nne asubuhi, ufunguo wa vali ukiwa shingoni.

Wadogo zetu wa kiume waliketi wakaamua azikwe na ufunguo huo kwa heshima ya kazi, eti wifi ataendelea na kuni kama alivyozoea, nami nikawaitikia ndiyo, ndiyo, kisha nikaenda kumuaga maiti na kuuvua, nikampa binti, na tunavyozungumza hapa fundi yuko jikoni anakaza bomba, anayenung'unika anione mimi.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliolala nasi, na wakamuaji wa shambani mliomvumilia miaka arobaini.

Lala salama, mdogo wangu, na huko uendako wakikukabidhi ufunguo, kataa.