Doutora Asiyesalimia

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kuchajia simu, hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, njia ya kwenda hospitali. Mwaka ule wageni wa gesi walipoanza kujaa mjini, kila simu iliyoletwa kwangu ilikuwa inasubiri habari ya kazi, na wenye simu walikaa ubaoni wakinywa kahawa ya Bi Zubeida. Wasiobanduka walikuwa watatu. Faquir tulimwita Carimbo, yaani muhuri, kwa sababu alikuwa karani wa serikali miaka ishirini na hata ukimwambia kumekucha atauliza nani kasaini. Sufo tulimwita Antena, maana hukamata habari kabla hazijatoka. Wa tatu ni Chamsudine, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Jina la utani tulimpa mara nne, hakuna lililomkaa. Kireno chake ni kizuri, na ndiye tuliyemchagua azisemee familia zitakazohamishwa kupisha kambi ya gesi. Mkutano na wakubwa ulikuwa Alhamisi.

Jumatatu asubuhi Doutora Celeste alipita akienda kazini. Huyu ni psicóloga, anatibu watu kwa kuwasikiliza, serikali ilimleta kutoka Nampula. Carimbo alimwamkia tangu yuko mbali, Antena akadakia, nami nikafuatia. Akatujibu kwa tabasamu. Akamsalimu Bi Zubeida, akamuulizia na mjukuu wake. Chamsudine alikuwa katikati yetu, kikombe mkononi. Doutora akamruka kama shimo la barabarani, akaenda zake.

Chamsudine alimaliza kahawa, akasema ana mbao za kuranda, akaondoka. Hakufika hata kona.

— Mmeona? — Antena alisema. — Kamnyima salamu mtu mzima!

— Hujui sheria wewe, — Carimbo akamjibu. — Yule akikutibu haruhusiwi kukuanza salamu mbele za watu. Watu watajua wewe ni mgonjwa wake. Akikosea hapo, wanamnyang'anya carteira, kile kitambulisho cha kazi yake.

— Kwa hiyo anaowasalimia ni wazima?

— Wazima.

— Na asiowasalimia ni wagonjwa?

— Wagonjwa. Lakini ni siri, haijulikani.

— Haijulikani vipi, na sote tumeona? — Bi Zubeida aliuliza huku anamimina.

— Imeonekana, bibi. Kujulikana ni jambo lingine, linataka muhuri.

Nikauliza hiyo carteira yenyewe ikoje. Bora ningenyamaza.

— Ni kama leseni ya gari, — Antena alisema. — Kuna ya gari dogo na ya lori. Mwenye ya gari dogo anasikiliza mambo madogo: umegombana na mkeo, umeota vibaya. Mambo ya kuhamishwa ni mzigo wa lori. Akiubeba kwa leseni ndogo, polisi anamsimamisha.

— Polisi atajuaje kabeba mzigo gani?

— Kuna mizani.

— Mizani ya kupima shida za watu?

— Iko Pemba, makao makuu ya mkoa.

Carimbo alikunja uso, maana hapendi kuzidiwa.

— Leseni ni ya sikio, — alisema. — Tena moja tu, la kulia. Hilo ni la serikali. La kushoto ni lake mwenyewe, analitumia nyumbani. Ukikaa upande wa kushoto, ulichosema hakina siri kisheria.

— Ninyi hamjui kitu, — Antena akasimama kabisa. — Zile meli za gesi zinafanyaje? Zinapiga sauti baharini, chini kunajibu, wao wanachora ramani. Doutora anafanya hivyohivyo. Anakuuliza unajisikiaje, kichwa kinajibu, anachora. Vichwa vyetu vimeshagawanywa vitalu! Kwenye cha Chamsudine wamekuta kitu. Mwezi ujao wanakuja kuchimba.

— Wachimbe kichwa cha seremala?

— Atalipwa fidia.

Tulicheka mpaka Bi Zubeida akamwaga kahawa. Kisha Carimbo akaacha kucheka.

— Lakini jamani, mtu wa namna hiyo ndiye atusemee Alhamisi?

Hakuna aliyemjibu, na hilo ndilo lililotuponza. Jumanne maneno yalikuwa yameshafika sokoni. Watu wakaanza kumvizia doutora wajue hali zao. Muuza mkaa alipita mbele yake mara nne mpaka akasalimiwa, akaenda kujitangaza kwamba yeye mzima wa akili, amethibitishwa na dola. Doutora alipogundua anahesabiwa salamu, alifanya alichoona ni salama: akaacha kumsalimu mtu yeyote. Ikawa balaa. Amade wa duka la vitambaa, mtu ambaye hajawahi hata kuumwa kichwa, alipitwa kimya mbele ya wateja wake. Jioni mkewe alificha visu vyote, akamkatia nyama yake vipande vidogo vidogo.

Jumatano Carimbo alikuja na karatasi.

— Nimeandika azimio, — alisema. — Tunamwondoa Chamsudine kwa heshima. Sababu: afya. Kwenye mkutano wa kesho nitasema mimi.

— Kireno chako ni cha kwenye fomu, — Bi Zubeida alimwambia. — Utawaambia wajaze jina na tarehe.

Hatujabishana vizuri, Chamsudine huyo. Alikaa mahali pake pa siku zote. Macho yake yalitua kwenye karatasi, akasoma kichwa cha habari. Hapo hapo doutora akatokea barabarani, amebana mkoba kwapani, kichwa chini, anatembea haraka kama anayekimbia mvua.

Chamsudine akasimama.

— Bom dia, doutora!

Mama wa watu aligutuka. Akamtazama, akatutazama sisi.

— Bom dia, Senhor Chamsudine. Una hakika?

— Nina hakika.

Doutora akaitika kwa kichwa, akaendelea na njia yake, taratibu sasa. Chamsudine akatugeukia. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile.

— Naenda kwake kila Ijumaa, huu mwezi wa pili. Wapimaji wa kambi ya gesi walipigilia kigingi juu ya kaburi la mwanangu. Wakakifunga utepe mwekundu. Tangu siku hiyo mikono inatetemeka, sikati ubao ukanyooka. Nilimwambia yeye kwa sababu hanijui na simjui. Na aliniambia siku ya kwanza: mimi sitakuanza salamu, ukitaka nianze wewe, siri ni yako. Nikaona ninyamaze tu, nikidhani ninyi hamtaona.

Tuliangalia chini. Mtoto yule tulimzika pamoja. Jeneza baba yake alilichonga mwenyewe, nasi tulikaa palepale ubaoni tukisikia nyundo. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kitu.

— Mikono inatetemeka bado? — Bi Zubeida alimuuliza.

Chamsudine aliinyoosha mbele yetu.

— Inatetemeka. Mnaonaje, nikasema kesho au nisiseme? Niambieni hapa hapa.

Carimbo aliikunja karatasi yake mara mbili, akaiweka chini ya kikombe.

— Katusemee wewe, — alisema. — Mimi Kireno changu ni cha kwenye fomu.

Alhamisi tulikwenda sote. Chamsudine alisimama mbele ya wakubwa na wageni, mikono inatetemeka waziwazi, hakuificha mifukoni. Alisema hatatamka neno la pili kuhusu nyumba wala mashamba mpaka kile kigingi king'olewe. Wakanong'onezana. Wakasema litaangaliwa. Akakaa chini, na watu wote nyuma yake wakanyamaza naye, wanawake, wazee, hata Antena. Ukimya ule ulichukua kama nusu saa, wageni wanageuzageuza karatasi zao, ndipo mpimaji mmoja alipotumwa na gari kwenda kuking'oa. Hayo mengine ya kuhama yanabishaniwa mpaka leo. Kaburi halina kigingi tena, limefagiliwa.

Ijumaa Chamsudine alikuwa hospitalini, sisi tumekaa. Akaja mwanamke mgeni, ana vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Akatuamkia mmoja mmoja, akasema anaitwa Nazira, ametoka Olumbi.

— Namtafuta yule mama anayesikiliza watu, — alisema. — Nimefika hospitali, milango yote sawasawa, haina kibao wala maandishi. Kuuliza pale mbele ya foleni nimeona haya. Ninyi wa hapahapa, hebu niambieni: mlango wake ni upi?

Antena alichungulia ndani ya kikombe chake. Carimbo alianza kujipapasa mifuko kama anayetafuta miwani, na miwani amevaa. Mimi nilishika simu ya watu iliyokwishajaa chaji, nikaichomeka tena. Bi Zubeida, ambaye kwa kweli hakujua, alitutazama kwa zamu.

Nazira alingoja, alipoona kimya akashukuru hivyohivyo, akashika njia ya hospitali. Alikuwa ameshafika kwenye mfereji Antena aliposhindwa kuvumilia.

— Mama! Ule wa mwisho upande wa bomba! Usigonge, unakwama, sukuma kwa bega!

Tuligeuka wote kumtazama. Yeye akatazama barabara.

Carimbo akakohoa.

— Haukwami tena, — alisema. — Juzi wameutia mafuta.