Muswada Mmoja, Programu Nne

Saa tano kasorobo asubuhi, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa kibanda cha fundi simu, birika la kahawa lilikuwa limeshafika nusu na Pingamizi, kompyuta mapajani, alikuwa bado hajaamua. Miaka thelathini ya ukarani wa mahakama ilimfundisha kutokubali dai lisilo na ushahidi. Ndiyo asili ya jina hilo. Ndiyo sababu pia riwaya yake ya kwanza, inayomhusu dada aliyemlea mdogo wake, ilikuwa imenakiliwa katika programu nne za kuandikia, kila moja ikiwa bado majaribioni. Mchapishaji aliutaka muswada leo, saa sita mchana. Baada ya hapo, alishaonya, asisumbuliwe tena.

Chaji, fundi simu mwenyewe, alianza.

— Chukua hii ya kadi. Kila mhusika kadi yake, kila sura rangi yake. Unaipanga hadithi kama karata.

— Na zikichanganyika?

— Ndiyo raha ya karata, mzee!

Mzee Nukta, aliyezeeka akipanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha uchapaji, alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Kadi za nini? Mpe ile inayozima mtandao mpaka mtu atimize maneno elfu. Mficha uchi hazai.

— Methali hiyo inaingiaje hapa? akauliza Pingamizi.

— Kwa mlango wa nyuma. Kunywa kahawa.

— Hizo za kizamani, Chaji akadakia. Siku hizi ipo inayoisoma riwaya yako yenyewe. Mhusika akidanganya, inapiga king'ora!

— Umeiona, au umesikia?

— Nimeambiwa.

— Na nani?

— Na mtu aliyeiona kwa shemeji yake.

— Maneno ya kuambiwa hayapokelewi. Isitoshe, wahusika wangu wote waongo. Mtaa utalala?

— Basi baki na zote! akasema Chaji. Mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika nne, utabaki na tatu. Piga hesabu!

Pingamizi aliipima hoja hiyo, akaiona haina kasoro ya hesabu, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Kila programu mpya ilimpa kisingizio cha kuahirisha shauri moja, ambalo hakuwahi kulitaja mbele ya benchi.

Shauri lenyewe likaja kwa miguu. Dada yake mkubwa alisimama mbele yao, vibanio vya nguo vimeng'ang'ania ukosi wa gauni.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Wifi ananisomea kitabu chako. Juzi nimekufa kwa homa, sura ya saba. Leo niko sura ya ishirini, nagombana na mwenye nyumba. Nauliza tu: mimi ni mzima au marehemu?

Chaji akaichungulia kompyuta.

— Kwenye ya kadi, amekufa.

— Kwenye hii kapona, akasema Nukta. Ya tatu bado inamwuguza. Ya nne... ya nne imeacha pengo.

Wote wakamgeukia Pingamizi. Miaka thelathini alinakili hukumu za wengine. Hakuwahi kutoa hata moja.

— Dada, tatizo ni hizi programu...

— Programu ndiyo iliyonipa homa? Akautazama mkono wake wenye saa. Saa tano hii. Amua upesi, mdogo wangu. Nguo ziko kwenye kamba. Nijue kama nitazianua mwenyewe.