Milisekunde Tisa

Mkunga alipanda treni ya asubuhi akitoka zamu, akitaka kusinzia tu. Lakini kwenye kiti cha mbele yake walikaa watu wawili wasiojuana, na mmoja wao, dereva wa kreni, alikuwa na dukuduku.

"Miaka kumi na tisa, ndugu yangu, leo wananiondoa! Kompyuta imesema mkono wangu mzito. Kwenye jaribio lao, taa ikiwaka nabonyeza kitufe, eti nimepita kikomo kwa milisekunde tisa, hata kope haijapepesa!"

Mwenzake mwenye miwani akauliza jina la programu. Alipotajiwa, akashusha pumzi. "Niliiandika mimi."

Mkunga akafumbua jicho moja.

"Saa ya kompyuta haitiririki, kaka. Inapiga hatua, kama sitini na nne kwa sekunde. Ukibonyeza katikati, inangoja hatua ijayo ndipo iandike. Unaweza kubambikiwa hata milisekunde kumi na tano."

"Na hukujua?"

"Nilipoijaribu nilikuwa nasikiliza muziki. Programu ya muziki huifanya saa ipige hatua ndogo zaidi, kwa hiyo kosa halikuonekana. Kompyuta ya kwenu haina muziki."

Mkunga, aliyeandika usiku huo saa za kuzaliwa kwa watoto wawili kwa kutupia jicho saa ya ukutani, alijiona mwongo kidogo.

"Basi kamwambie meneja wetu," dereva akasema.

"Nikimwambia, mimi ndiye nitakayefukuzwa na kampuni yangu. Nimechoka, kaka."

"Na mimi je, nimepumzika?"

Treni ikasimama. Dereva wa kreni akashuka hatua moja, akauzuia mlango kwa bega. "Ofisi ya meneja ni hapo ng'ambo," alisema taratibu. Mwenye miwani alikuwa bado amekaa, mkoba mapajani.