Matundu ya Sindano Kwenye Bendera

SHEMEJI: Haloo? Ni nani? Namba ngeni hii.

FUNDI: Ni mimi, shemeji. Simu yangu imezima, natumia laini mpya ya dada yako.

SHEMEJI: Aa, fundi! Habari za cherehani?

FUNDI: Nzuri. Nimeishika hapa hii bendera ya jimbo uliyoniletea nifuatishe.

SHEMEJI: Enhe. Arobaini zote Ijumaa, mkubwa ofisini ananiuliza kila—

FUNDI: Ina nyota sita.

SHEMEJI: Sita, ndiyo. Kila tarafa na nyota yake.

FUNDI: Tarafa si saba?

SHEMEJI: Haloo? Mtandao unakata—

FUNDI: Mtandao mzima. Shule niliacha darasa la nne, lakini kitambaa nakisoma. Hapa chini pana matundu ya sindano, yamezunguka pembe tano. Mtu kafumua nyota.

SHEMEJI: Labda aliyeshona alikosea.

FUNDI: Akakosea palepale penye nyota ya tarafa yetu ya bondeni? Na huu ukanda wa buluu? Umeongezwa vidole vinne, mshono mpya kabisa. Buluu ni nini kwenye maelezo yenu?

SHEMEJI: Maji. Ziwa.

FUNDI: Ziwa limepanda mpaka kwenye nyota.

SHEMEJI: Mambo ya wakubwa hayo. Wewe shona, usitafute mchawi.

FUNDI: Mwezi jana ulimtoa mama yako bondeni. Na kitanda, na kuku. Ukatuambia miguu inamsumbua.

SHEMEJI: Inamsumbua kweli—

FUNDI: Juzi nimemwona anapanda ngazi na ndoo kichwani.

SHEMEJI: [anakohoa]

FUNDI: Mama yangu yuko nyumba ya pili kutoka pale. Ndiye aliyemsaidia mama yako kufunga mizigo!

SHEMEJI: Niliapishwa, fundi. Ningefukuzwa kazi.

FUNDI: Ni bwawa?

SHEMEJI: Sema taratibu, bwana!

FUNDI: Watu wataambiwa lini?

SHEMEJI: Bendera ikishapandishwa. Ijumaa.

FUNDI: Na kuhama?

SHEMEJI: Wiki mbili. Nilitaka kukwambia, wallahi—

FUNDI: Ulitaka kuniambia, ukaniletea nishone.

SHEMEJI: Na mimi nina watoto, shemeji.

FUNDI: Sasa sikiliza. Cherehani nimeisimamisha. Lile gari lililobeba kitanda cha mama yako, lilete kesho asubuhi twende bondeni.

SHEMEJI: Gari la ofisi? Haiwezekani! Mkubwa aki—

FUNDI: Basi Ijumaa mkubwa wako aupigie saluti mlingoti mtupu.

SHEMEJI: Usinifanyie hivyo. Na mama yako akiuliza anahamishwa kwa nini, utamjibu nini?

FUNDI: Utamjibu wewe. Nje, uani, majirani wote wakusikie.

SHEMEJI: Fundi, huo mlio... salio lako linaisha—

FUNDI: La dada yako hilo. Saa kumi na mbili kamili, shem—

SHEMEJI: Haloo? Fundi! Umeshona ngapi mpaka sasa? Haloo?