Ng'washi Masanja, Aliyeigeuza Nuru kwa Utando

Ndugu waombolezaji, mimi ni Nkuba, kaka wa marehemu, nimeishia darasa la tano, lakini kwa haya hakuna wa kunisahihisha.

Ng'washi alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 huko Usangu, wazee wetu wakiwa wameshahamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, akasoma shule ya msingi hapo hapo, 1992 hadi 1998, na sekondari Iringa, lakini fizikia aliianzia zizini kwetu, kamba ya ndama nimeishika mimi mwenyewe, tukaipitisha kati ya miti iliyosimama, tukiitikisa juu na chini inapita, tukiitikisa kulia na kushoto inakwama, na nuru nayo, aliniambia baadaye, hutetemeka hivyo hivyo.

Mwaka 2010 aliajiriwa fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Mbeya, tarehe 16 Juni 2012 akafunga ndoa na shemeji yetu Lusekelo, Uyole, wakajaliwa binti, Sekela, na kwa miaka mitatu akahangaikia utando ambao ganda la kitunguu cha Ruaha Mbuyuni kando yake ni blanketi, ukiupa umeme wa betri ya tochi unageuza mtetemo wa nuru, kama zizi linalolaza miti yake lenyewe, taa inaonekana au inazimika upendavyo.

Agosti 2024 alilazwa kwa saratani, na tarehe 11 Oktoba mkuu wake wa kazi, simtaji maana amekaa safu ya pili na suti, alikibeba kifaa alichokiunda Ng'washi kwa utando huo hadi mkutanoni Iringa, akakitangaza ni chake, alipokifungua akipanguse akaona nailoni juu ya kioo, akaibandua kama ya simu mpya, akaitupa, kumbe ndiyo utando wenyewe, taa ikagoma kuzimika mbele ya wageni, naye bila haya akampigia mgonjwa simu wodini kumuuliza kwa nini! Mzazi gani huyo asiyemjua mwanawe?

Ng'washi alifariki tarehe 2 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 41.

Leo bwana huyo ameomba nafasi azungumzie uvumbuzi wake, mbele ya jeneza la mwenyewe. Hazungumzi. Utando wa pili alioutengeneza umo kwenye daftari la marehemu, tarehe na sahihi yake zipo, daftari nimemkabidhi Sekela, anayelitaka amwombe yeye, nikiwepo.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani wa Uyole, na wafanyakazi wenzake wote, kasoro mmoja.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani, kamba bado nimeishika.