Funguo za Skrini ya Foleni

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Skrini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mama, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, na mama alizoea kusema kwamba huyu alizaliwa akiutazama mlango, kama mtu anayehisi ameuacha wazi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981, akamaliza sekondari 1992, akapata stashahada ya kompyuta 1995, na tarehe 1 Februari 1996 akaajiriwa hospitalini, kitengo cha kumbukumbu, ambako kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta ufunguo wa chumba cha kompyuta, uliokuwa umefungiwa ndani ya chumba hichohicho.

Tarehe 14 Agosti 1999 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya wazazi, wakajaliwa mabinti wawili, na yule mkubwa akarithi kazi ya baba yake, pamoja na ubishi wake.

Mwaka 2011, alipochoka kuona wagonjwa wakisukumana, alitengeneza ukurasa wa tovuti unaoonyesha, kwenye skrini ya foleni, nani anaitwa, wodi gani na kitanda kipi, akaweka maandishi yake ya programu mtandaoni bure, ili yeyote ayasome, ayatumie na ayarekebishe, nao utawala ukamdai stakabadhi ya kitu kisichouzwa, kisha ukamdai barua yenye mhuri kwamba hakiuzwi, na barua ikarudishwa kwa kukosa stakabadhi.

Michango ilikuja kutoka kwa watu asiowajua, hospitali nyingi zikautumia ukurasa ule, na hofu yake ya kupenyezewa kitu kibaya ikakua nao, hivyo akaweka sheria kwamba hakuna badiliko litakaloingia kabla watu wawili hawajalisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kazi aliyoifanya na binti yake mkubwa mezani kila Jumamosi, binti akimtania kwamba baba anapekua hata mifuko ya nukta, naye akisema nukta ndiyo huingia bila kupiga hodi.

Mwaka 2021 alijitokeza mchangiaji aliyejiita Mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, kazi yake safi, salamu zake ndefu, na marehemu alipoanza kuugua moyo, Januari 2023, Mpole akawa anamwandikia kwamba mzee umechoka, nikabidhi funguo, yaani idhini ya kuingiza mabadiliko bila kumngoja mtu, na shemeji yetu, akihofia kazi itamuua mumewe, akamsihi ampe.

Funguo hakutoa, lakini Juni ile, akiwa hoi, aliingiza mchango wa Mpole kwa kuusoma peke yake, na Jumamosi binti akakuta humo mstari uliokuwa ukipeleka majina ya wagonjwa kwenye anwani isiyojulikana, wakaufuta, wala marehemu hakupata tena usingizi wa raha, akiuliza kila mara kama ulikuwa mmoja tu.

Alilazwa hospitalini kwake hukohuko tarehe 30 Oktoba, akafariki Ijumaa tarehe 3 Novemba 2023, saa nne asubuhi, na kabla hatujampigia simu hata ndugu mmoja, pole ya Mpole ilikuwa imekwisha fika, ikitaja wodi na kitanda chake, ikiuliza funguo sasa anazo nani.

Tumeuomba utawala uuzime ukurasa, nao umejibu kwamba hauwezi kuzima kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya mali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi msibani, na wenzake wa kitengo cha kumbukumbu, hasa yule ambaye, kama binti mkubwa, hamumwoni hapa kwenye viti vya mbele, maana wako chumba cha nyuma, mlango umefungwa, na mkinyamaza kidogo mtawasikia wakiupekua ukurasa ule.

Pumzika kwa amani, kaka, wapo wawili, na wanasoma kwa sauti.